Watatu na Huyu

Kosa lilitoka kinywani mwa Bernadette mwenyewe, tena lilitoka kwa fahari, na ndiyo maana baadaye hakupata mtu wa kumtupia lawama. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wodi ya wazazi, ghorofa ya nne ya hospitali moja mjini Winnipeg. Lorna alikuwa amejifungua Ijumaa mchana, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, na sasa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Bernadette alikaa kwenye kiti cha pembeni akishonea shanga mfuko wa mahameli wa kumfungia mtoto, ule wa kamba kifuani. Alikuwa ameuanza kijijini kwao, Ziwa la Fisimaji, akauendeleza wiki tano nzima katika nyumba ya wageni ya wagonjwa. Kwao hakuna daktari, na mwanamke mimba ikifika wiki ya thelathini na sita hupandishwa ndege ndogo, akausubirie uchungu wake mjini, kwa watu.

Aliingia msichana mwenye sweta ya kijivu na faili mkononi, sauti laini kama yuko kanisani. Alisema anaitwa Meredith, afisa wa ustawi wa jamii wa zamu.

"Sitaki kumwamsha," alisema. "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Hongera basi. Na huyu ni mtoto wake wa ngapi?"

"Wa tatu." Bernadette alichongoa midomo kuelekea kitanda cha mtoto, maana kwao mtu mwenye adabu haelekezi kwa kidole. Meredith hakuona, alikuwa anaandika. "Wako watatu na huyu."

"Na wale wawili wako wapi?"

"Si mnao nyinyi!" Bernadette alicheka kidogo, vile watu wa kwao wanavyocheka penye kidonda. "Mliwachukua mwaka juzi. Mimi ndiye wa kukuuliza wewe wako wapi."

Kalamu ya Meredith ilisimama, kisha ikaenda mbio. Lorna akafumbua macho. Meredith akamwinamia, akamuuliza kama ni kweli ana watoto wengine wawili na kwamba walichukuliwa na serikali. Lorna, usingizi haujamtoka, alisema ndiyo, Shayla na Wynona. Alisema akitazama blanketi, kwa sababu mtu unayemheshimu humkodolei macho. Hilo nalo liliandikwa.

Sasa, kama kisa hiki kingetokea kwa wasemao Kiswahili, kingeishia hapo, tungekunywa chai. Bernadette hakumzaa Lorna. Aliyemzaa Lorna ni dada yake Bernadette, marehemu. Lakini Wakrii, kabila lao hawa, wenyeji wa asili wa Kanada, humwita mama mdogo *nikawis*, na neno lenyewe maana yake ni hiyo hiyo, mama aliye mdogo, si mtu mwingine. Shayla na Wynona nao walizaliwa na Georgina, dada yake Lorna, aliyeuawa na vidonge vya kulevya mwaka juzi. Siku ya maziko Lorna aliwawekea mikono kichwani mbele ya kijiji kizima akasema, "Hawa wangu." Wiki haikwisha, gari la serikali likaja. Maofisa wakahesabu vitanda vya Bernadette, wakahesabu watu kumi na mmoja katika vyumba vitatu, wakatazama ukungu ukutani, wakaondoka na wasichana. Mtoto wa dada yako ni mwanao, na ukimwita vinginevyo watu watauliza mmegombania nini. Hayo hayana sehemu kwenye faili la Meredith, na Bernadette hakujua kwamba hayana.

Meredith alipoondoka, Bernadette alirudi kwenye shanga zake, moyo mweupe. Alijiona kamsemea mwanawe vizuri.

*

Jumapili mtoto alianza arosto, mwili ukiidai dawa ulioizoea tumboni.

Walikuwa wamempa jina la mzaha, Kabibi, kwa vile paji lake la uso lilijikunja kama la kizee aliyekosa namba ya bingo. Jina la kweli lingesubiri kijijini. Kabibi alianza kupiga chafya, tatu tatu, nne nne. Kisha miguu ikatetemeka. Kisha akaja na kilio chembamba, cha juu, ambacho Bernadette, aliyelea watoto tisa, hakuwahi kukisikia.

Lorna alikuwa ameacha vidonge tangu mimba ikiwa na wiki kumi. Kila asubuhi alikwenda duka la dawa akanywa methadoni, dawa ya kumwachisha vidonge, mbele ya mfamasia, akafunua mdomo kuonyesha ameimeza, mbele ya watu waliokuja kununua sabuni. Hakukosa hata siku moja. Daktari wa kliniki alimwambia akiacha ghafla mtoto angeweza kumfia tumboni, na kwamba mtoto akizaliwa ataisumbukia dawa siku kadhaa, kisha atapona. Alikuwa anajua. Lakini kujua ni jambo moja, na kuona kidevu cha mwanao kikitetemeka ni jingine.

"Nikawis, mimi ndiye niliyemfanya hivi," alisema.

"Vidonge ndivyo vilivyomfanya hivi, na wewe ndiye unayemtoa. Acha kujikweza. Si kila kitu duniani umekifanya wewe."

Lorna alicheka huku machozi yakimtoka. Nesi wa zamu, mama wa makamo, alikuja na karatasi yake akahesabu chafya na mitetemo, akatia alama. Kisha akapunguza taa.

"Dawa ya kwanza ni wewe," alimwambia Lorna. "Mvue nguo, mlaze kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Mnyonyeshe kila anapotaka. Watoto wa namna hii wakikaa na mama zao wengi hawahitaji hata tone la dawa nyingine."

Wakafanya hivyo. Walipokezana, Lorna kifua wazi, Bernadette naye kafungua vifungo vya blauzi yake, akiimba kwa chini wimbo wa kumbembeleza mtoto ambao nusu yake ameisahau. Mkononi alikuwa na mkanda wa plastiki aliofungwa siku ya Ijumaa, umeandikwa "bibi", wa kumruhusu kuingia na kutoka chumba cha watoto bila kuulizwa. Alikuwa ameuonyesha kwa kila mtu kwenye lifti.

Saa kumi jioni simu ya Lorna ililia. Walikuwa Shayla na Wynona, kutoka kwenye familia inayowalea, mji mwingine kabisa, saa sita kwa gari.

"Mama! Katoka?" Wynona alipiga kelele. Ana miaka sita.

"Katoka. Wa kike."

"Ana nywele?"

"Anazo, zimesimama. Anafanana na Bibi."

"Basi ni mbaya!"

"Mbaya mwenyewe!" Bernadette akajibu kutoka kwenye kiti. "Ngoja nikukamate."

Shayla, mwenye tisa, alisubiri kicheko kiishe. "Mama, ukirudi naye kijijini, na sisi tutaruhusiwa?"

"Tutaona, mwanangu," Lorna alisema.

*

Jumatatu barua ilikuja, kurasa mbili. Meredith aliileta mwenyewe na alionekana hakulala vizuri. Lorna aliisoma kwa sauti akimgeuzia Bernadette maneno magumu kwa Kikrii.

Ilisema mama huyu alishanyang'anywa watoto wawili na hakulisema hilo kliniki, bali alijaza kwamba hajawahi kuzaa. Ilisema mtoto amezaliwa na utegemezi wa dawa. Ilisema kuna mwanamke mtu mzima aliyejitambulisha kuwa ni mama wa mgonjwa, ilhali kumbukumbu zinaonyesha mama huyo alifariki miaka minane iliyopita. Ilisema mgonjwa haangalii watu usoni. Kwa hiyo siku ya Ijumaa, arosto ikiwa imetulia, mtoto atakwenda kwenye malezi ya kambo. Alhamisi kutakuwa na kikao cha familia, na kama kuna la kurekebishwa, lirekebishwe hapo.

"Hawa wawili ni wa dada yake," Bernadette alisema.

"Kwa hiyo si wake," Meredith alisema, na uso wake ukachangamka kidogo.

"Ni wake."

"Aliwazaa yeye?"

"Aliwazaa Georgina."

"Basi Jumamosi hukuniambia kweli."

"Nilikwambia kweli."

"Na wewe? Ni mama yake au si mama yake?"

"Ni mama yake."

Meredith alifumba macho, akayafumbua. Hakuwa mtu mbaya, na afadhali angekuwa mbaya, maana mtu mbaya unaweza kumtukana ukalala usingizi. "Niwasaidie vipi," aliuliza, "kama kila jibu ni ndiyo na hapana?"

Alipotoka, Bernadette alishuka ghorofa ya kwanza. Alikuwa ameona bango huko siku waliyofika, lenye manyoya ya tai na maneno makubwa: hapa ni mahali salama kwa wenyeji wa nchi hii na mila zao, mama mjamzito au mzazi anayepambana na dawa au pombe aingie bila hofu. Aligonga. Aligonga tena. Mfagizi aliyekuwa akipita alimwonyesha kikaratasi chini ya bango, kwamba ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi. Fedha zilizotolewa zilitosha siku mbili kwa wiki. Kabibi alikuwa amezaliwa Ijumaa.

*

Jumanne Doreen, mwenye ofisi ile, alikuwepo. Alikuwa Mwojibwe, wa kabila jirani na Wakrii, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye zamani naye alilewa na naye alinyang'anywa watoto, na kila mtu alijua kwa sababu alisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Aliwatengea chai, akawapa mkate wa kukaanga uliofungwa kwenye taulo, hakugusa karatasi yoyote mpaka waliposhiba. Kisha akaisoma ile barua. Alipofika katikati alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa alikuwa anajifuta macho.

"Waliwataka mhesabu matumbo," alisema, "nyinyi mkawahesabia ukoo."

"Ni mimi," Bernadette alisema. "Mwanangu alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyefungua mdomo."

"Mama, hata mimi ningesema hivyo. Kila wiki nawaambia watu wa juu, ulizeni 'nani kamzaa', msiulize 'nani mama yake'. Wananiambia wataweka kwenye mafunzo ya mwakani." Akasogeza kiti. "Sikilizeni. Alhamisi tutazungumza lugha ya faili. Lorna, utasema: nimezaa mara moja tu, hao wawili si watoto wangu. Nawe, mama, utasema: mimi si mama yake. Fupi, bila maelezo. Ukieleza, wanaandika."

Lorna aliinamia chai yake. Bernadette alitikisa kichwa.

"Hayo hayasemwi. Nimemvika huyu nepi. Nimsimamie mbele ya wageni niseme si mama yake? Na yeye awakane wale watoto? Aliwakubali kaburini. Georgina atasikia."

"Georgina alijua Kizungu kuliko sisi sote. Ataelewa kwamba ni cha ofisini."

"Na Shayla akija kuisoma akiwa mkubwa? Maana wanaandika. Unasema mwenyewe wanaandika."

Doreen alisema wangeweza kwanza kufukiza majani, waombe, mioyo itulie. Tatizo ni kwamba moshi hauruhusiwi jengo zima kwa sababu ya ving'ora, isipokuwa chumba kimoja cha chini, nacho huombwa saa arubaini na nane kabla, na saa hizo zikihesabiwa zinaangukia baada ya kikao. Basi aliwashika mikono wakaomba hivyo hivyo, bila moshi.

"Nikawis," Lorna alisema wakiwa kwenye lifti, "nitasema. Nikisema nitampata huyu. Wale nitawaambia mwenyewe wakikua."

Bernadette alichongoa midomo kuelekea vitufe vya lifti, kwamba bonyeza, na Lorna akabonyeza ghorofa ya nne.

*

Alhamisi Kabibi alikuwa amepona, au karibu. Alilala saa tatu mfululizo. Nesi alimhesabia alama akapata mbili tu, akasema kwa furaha kwamba mama na bibi wamefanya kazi ya duka zima la dawa. Bernadette alimfunga kwenye mfuko wa mahameli, ulikuwa umekamilika, maua mekundu na majani, akamwona kaenea vizuri, akaamini kwamba kesho watapanda ndege watatu.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ya duara, ili watu wasijione wako juu au chini. Meredith alikaa upande mmoja, na Doreen, Lorna na Bernadette upande wa pili. Doreen alieleza, polepole, kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Meredith alisikiliza kwa kweli. Alisema amefurahi sana kujifunza jambo hili. Alisema pia kwamba kwa ajili ya kumbukumbu kila mtu lazima atamke mwenyewe.

"Bi Bernadette, wewe ni mama mzazi wa Lorna?"

Bernadette alimtazama Lorna. Miaka arubaini na zaidi hakuwa amemkodolea mtu macho mbele ya watu, na sasa alimkodolea, akitafuta ruhusa. Lorna akaitikia kwa nyusi.

"Mimi si mama yake," Bernadette alisema.

Alilisema kwa Kiingereza na likatoka jepesi, na wepesi huo ndio uliomtisha.

"Asante sana. Najua si rahisi." Meredith aliandika, kisha akakunja uso akitazama ukurasa. "Sasa kuna jambo dogo la utaratibu. Wazazi huingia kikaoni kwa haki yao. Ndugu wengine huingia kama msindikizaji, na msindikizaji ni mmoja. Lorna, unaweza kubaki na Doreen au na... na shangazi yako."

"Mama mdogo," Doreen alisema.

"Ndiyo. Samahani."

Doreen alisema yeye atatoka. Lakini Bernadette aliona jambo hilo wazi kuliko wote. Yeye ndiye aliyeziharibu hesabu, Kizungu chake ni cha dukani, na atakayejua neno lipi lisemwe ni Doreen. Akainuka.

"Kaa," alimwambia. "Wewe ndiye unayekijua Kifaili."

Hata Meredith alitabasamu. Kisha akasema tena samahani, akamwomba mkono. Ule mkanda wa bibi. Ulitolewa kwa maelezo ambayo sasa yamerekebishwa, na chumba cha watoto wana ukali, asingependa Bernadette aje afukuzwe mlangoni kwa aibu. Alikuwa na mkasi kwenye kikopo cha kalamu. Aliukata kwa uangalifu asimguse ngozi, na Bernadette, bila kujua la kufanya, akasema asante.

Alikaa kwenye ukumbi. Kulikuwa na mashine ya soda na safu ya viti vya plastiki. Mlango wa chumba ulikuwa na kioo chembamba, na kupitia kioo hicho aliweza kuona bega la Doreen na nusu ya uso wa Lorna. Aliona Lorna akiulizwa. Aliona midomo yake ikisema maneno mafupi, mara moja, mara mbili. Alijua ni maneno gani. Aliona Lorna akiinama kutia saini, akiinua uso akimtazama Meredith machoni kama walivyomfundisha, akiendelea kumtazama hata pale pasipokuwa lazima. Bernadette alitamani kuingia amwambie inatosha sasa, unaweza kushusha macho.

Nesi wa siku ile alipita akisukuma kitanda cha Kabibi kumrudisha chumba cha watoto. Bernadette akainuka kumfuata kama alivyozoea. Nesi akamtazama kifundo cha mkono, kisha usoni.

"Mkanda umeupeleka wapi, bibi?"

"Wameuchukua."

Yule nesi alisimama kidogo. Alitazama huku na huku, kisha akavuta ukingo wa mfuko ili Bernadette aone uso wa mtoto, akahesabu moyoni pengine mpaka kumi, kisha akasukuma kitanda akapita nacho kwenye milango inayofunguka kwa kadi.

Kikao kilichukua dakika nyingine ishirini. Doreen alitoka wa kwanza, hakucheka, akaenda moja kwa moja dirishani na simu yake, akipiga kwa wakili mmoja, kisha mwingine. Lorna akaja akakaa kwenye kiti cha jirani. Mikononi alikuwa na nakala ya karatasi, ameikunja mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti.

"Wamerekebisha," alisema.

"Wamerekebisha nini?"

"Yote niliyosema. Meredith kaandika vizuri tu, kanisomea. Anasema sababu zilizobaki zinatosha. Methadoni. Na kwamba sina mzazi aliye hai wa kumpokea. Kesho wanamchukua, mahakama mwezi ujao."

Bernadette alikishika kifundo cha mkono, pale mkanda ulipokuwa.

"Lakini wale wawili wamefutwa," Lorna alisema. "Wameandika kwamba sijawahi kunyang'anywa mtoto hata mmoja."

"Na huyu?"

Lorna alimtazama, kavu, kama aliyemaliza machozi yote kule ndani.

"Huyu ndiye wa kwanza, Mama."